Balle: safari ya neno moja, kutoka Urusi mpaka trupe zetu za Katanga

Hapa Likasi tukisema "balle" kila mtu anaelewa. Ni trupe ya wacheza ngoma: wamevaa raphia, wamefunga manyanga miguuni, wanaitwa kumpokea gavana, kufungua sikukuu ya 30 Juni ao kusindikiza bibi-arusi. Lakini ukifungua kitabu cha shule, ao ukiangalia televisheni ya ngambo, balle ni kitu kingine: wasichana wembamba wanasimama juu ya ncha ya vidole vya miguu, violini zinalia, watu wameketi kimya.

Namna gani vitu viwili mbali hivi vilipata jina moja? Jibu liko na njia ndefu. Inapita Saint-Petersburg, Paris, New York, Guinea, Kamina na Brussels. Na kila mahali inapopita, maulizo yanarudi yale yale: nani analipa safari, nani anabaki na jina, na muchezaji anarudi nyumbani na nini mkononi.

Kundi lililoanza wakati wa likizo

Balle ya vidole haikuzaliwa Urusi. Ilianza katika majumba ya wafalme wa Italia na Ufaransa, kisha ikapelekwa Urusi na waalimu wa kigeni. Aliyeipa nguvu kule zaidi ya wengine ni Marius Petipa, Mfaransa aliyezaliwa Marseille mwaka 1818. Kufika mwisho wa karne ya 19, Urusi ilikuwa na shule na majumba ya michezo yanayolipwa na mfalme mwenyewe, Tsar. Mtoto aliingia shuleni akiwa mdogo, analala pale, anakula pale, na akimaliza anakuwa mtumishi wa serikali mwenye mshahara na pensheni.

Mtu aliyetoa wachezaji wale inje ya inchi anaitwa Sergei Diaghilev. Alizaliwa mwaka 1872. Alisoma sheria. Hakuwa muchezaji, hakuwa mchoraji, na waalimu wa muziki walimwambia wazi kwamba hatakuwa mtunzi mkubwa. Kipaji chake kilikuwa kukutanisha watu na kutafuta franga. Mwaka 1906 alipeleka Paris maonyesho ya picha za Warusi. Mwaka 1907 akapeleka muziki. Mwaka 1908 akapeleka opera ya Boris Godunov pamoja na mwimbaji Feodor Chaliapin.

Tarehe 19 Mei 1909, katika jumba la Châtelet, Paris, akaonyesha balle. Wachezaji wake walikuwa ni wa Tsar, na alikuwa nao tu kwa sababu majumba ya Urusi yalikuwa yamefungwa kwa likizo. Kati yao kulikuwa Anna Pavlova, Tamara Karsavina na kijana Vaslav Nijinsky, ambaye watu walisema akiruka anasahau kushuka. Mwenye kupanga michezo alikuwa Michel Fokine. Paris ilishangaa. Lakini franga hazikutosha. Ndugu ya kifalme aliyekuwa anasaidia, Grand Duke Vladimir, alikuwa amekufa mwezi wa pili mwaka ule, na msaada wa serikali ukakatika. Msimu ulimalizika na deni, ata mapazia na mavazi yakashikwa na mwenye kudai.

Mwaka 1911 Nijinsky alifukuzwa katika jumba la Tsar juu ya vazi ambalo wakubwa waliona halina adabu. Diaghilev akatumia nafasi ile kuunda kundi la kudumu, lenye kontra zake mwenyewe. Wafaransa waliliita *Ballets Russes*, maana yake Balle za Kirusi. Na sikia hii: kundi lenye kubeba jina la Urusi kwa miaka 20 halikucheza Urusi ata siku moja.

Mambo mapya waliyoleta

Mbele ya hapo, katika balle muziki ulikuwa mtumishi wa miguu na picha za nyuma zilikuwa pambo tu. Diaghilev aliwaita watu wakubwa wa kila fani na kuwaweka meza moja. Igor Stravinsky alitunga muziki wa *Ndege wa Moto* mwaka 1910 na *Petrushka* mwaka 1911. Pablo Picasso alichora mapazia na mavazi ya *Parade* mwaka 1917. Henri Matisse naye alifanya kazi kwa kundi lile.

Tarehe 29 Mei 1913 walionyesha mchezo juu ya sadaka ya msichana katika Urusi ya zamani, muziki wa Stravinsky, miguu imepangwa na Nijinsky. Wachezaji walipiga chini kwa nguvu, magoti ndani, vichwa vimeinama. Watu wa Paris, waliozoea kuona wachezaji wanaelea kama manyoya, walianza kupiga makelele na kugombana wao kwa wao, mpaka wachezaji hawakusikia tena muziki. Nijinsky alisimama pembeni ya jukwaa akiwapigia hesabu kwa sauti. Mtu wa Katanga akiona mchezo ule leo hatashangaa sana: kupiga ardhi kwa mguu, kwetu njo mwanzo wa kucheza. Lakini kule ilikuwa vita.

Safari, deni na kifo

Kundi liliishi katika treni na katika mashua. Mwaka 1913 lilivuka bahari kwenda Amerika ya Kusini. Diaghilev hakwenda, aliogopa kufa juu ya maji. Kule Buenos Aires, Nijinsky akaoa Romola de Pulszky, na Diaghilev alipopata habari akamfukuza kazi kwa telegramu. Mwaka 1916, katikati ya vita kubwa, walizunguka Marekani muji kwa muji. Mwaka 1917 mapinduzi yalipiga Urusi, na wachezaji wengi wakajikuta hawana kwao pa kurudi. Nijinsky mwenyewe aligonjwa akili, na kuanzia mwaka 1919 hakucheza tena mbele ya watu. Alikufa London mwaka 1950.

Mwaka 1921, London, Diaghilev aliweka franga mingi katika *Binti Mfalme Aliyelala*, mchezo mkubwa wa kizamani wa Petipa. Watu hawakujaa vya kutosha, na vitu vyote vya jukwaa vikashikwa juu ya deni. Kisha kundi likapata makao Monte Carlo, na njo likaendelea mpaka tarehe 19 Agosti 1929, Diaghilev alipokufa katika Venice, muji uliojengwa juu ya maji. Hakuacha mali. Mazishi yake yalilipwa na rafiki zake wawili wanawake, Misia Sert na Coco Chanel. Bila yeye kundi lilivunjika palepale, maana hapakuwa na kitu chochote kilichoandikwa cha kuonyesha nani atashika usukani.

Waingereza wenye majina ya Kirusi

Mambo ya majina, watu wa Likasi wanayajua vizuri. Muji wetu uliitwa Jadotville, kwa heshima ya mzungu Jean Jadot, na ukarudia jina la Likasi mwaka 1966. Baadaye wakati wa Mobutu hata majina ya ubatizo yaliachwa.

Katika kundi la Diaghilev jina nalo lilikuwa sehemu ya biashara. Watu walilipa kuona Warusi, basi kila muchezaji alipashwa kuwa Mrusi. Hilda Munnings, msichana wa Kiingereza, aliitwa Lydia Sokolova. Alicia Marks wa London akawa Alicia Markova. Patrick Healey-Kay akawa Anton Dolin. Kumbe hata katika kundi la kwanza la "asili" lililozunguka dunia, asili yenyewe ilikuwa inashonwa kidogo kama vile vazi. Tutakutana tena na jambo hili kwetu.

Baada ya Diaghilev: makundi mawili, jina moja

Mwaka 1932, René Blum na Colonel Wassily de Basil walikusanya wachezaji waliobaki na kuanzisha Ballet Russe de Monte Carlo. Hawakuelewana. Mwaka 1938 kulikuwa tayari makundi mawili yanayogombania jina, wachezaji na ruhusa ya kuonyesha michezo ile ile, mpaka mbele ya waamuzi. Moja, la de Basil, lilifika Australia mara tatu, na mwaka 1941 lilikwama Cuba baada ya wachezaji kugoma juu ya mishahara. Lingine lilizunguka Marekani kwa treni, miaka na miaka, likionyesha balle katika miji midogo ambayo haikuwahi kuona kitu kama kile.

Katika kundi hilo la Marekani, mwaka 1955 aliingia Raven Wilkinson, msichana mweusi mwenye ngozi ya kung'aa. Katika majimbo ya Kusini, sheria na desturi zilikataza mweusi kulala hoteli moja na wazungu. Wakati mwingine alifichwa, wakati mwingine aliachwa nyuma. Watu wa Ku Klux Klan waliwahi kupanda mpaka juu ya jukwaa kumtafuta. Mwishoni aliacha kundi lile, na baadaye akapata kazi ya kucheza Uholanzi. Wazee wetu waliokatazwa kuonekana katika mitaa ya wazungu usiku bila kibali wanaweza kuelewa hadisi hii bila kutafsiriwa.

Namna neno lilivuka mpaka Afrika

Anna Pavlova aliacha Diaghilev mapema na kuunda kundi lake. Alizunguka dunia zaidi ya mtu yeyote wa wakati wake, na mwaka 1925 alishuka Afrika ya Kusini. Lakini si yeye aliyetupa neno balle kwa maana tunayotumia leo.

Neno lilikuja kwa njia ya Mwafrika. Fodéba Keïta, mwalimu wa shule aliyezaliwa Siguiri, Guinea, mwaka 1921, alikuwa Paris baada ya vita ya pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikusanya Waafrika wenye kuishi kule, akaunganisha ngoma, nyimbo na hadisi za vijiji, akaliita kundi *Les Ballets Africains*. Jina lile lilikuwa jibu. Kama Warusi wanaweza kuita michezo yao balle na dunia ikavua kofia, basi mchezo wa Siguiri nao ni balle. Kisha Guinea ilipata uhuru mwaka 1958, na kundi likawa la taifa. Keïta akawa waziri. Mwaka 1969 serikali ile ile ilimuua katika gereza la Camp Boiro.

Wakati huohuo Warusi wa Soviet walikuwa na mfano wao. Igor Moiseyev alianzisha Moscow, mwaka 1937, kundi la serikali la kucheza ngoma za makabila, akazipanga upya kwa ajili ya jukwaa: mistari imenyooka, muda umefupishwa, kila kitu kinaangalia watu walioketi mbele. Kundi lile lilicheza Paris mwaka 1955 na Marekani mwaka 1958. Inchi mingi za Afrika zilipopata uhuru, kila moja ilitaka "balle ya taifa", na zilifuata njia kama hiyo. Kongo yetu pia.

Katanga: mbeni, Kamina, Expo 58

Tusidanganyane: Katanga haikungoja neno balle ili kucheza. Karibu na Likasi kuna Wasanga, kuna Walunda, Waluba, Wabemba, Watshokwe na vinyago vyao, na Wayeke ambao kila tarehe 20 Desemba wanakutana Bunkeya kumkumbuka Msiri. Na katika miaka ya 1920, ndani ya kampe za wafanyakazi, kulikuwa na mbeni, mchezo uliotoka pwani ya Waswahili ukapanda bara pamoja na askari na watafuta kazi. Wacheza mbeni walijipa vyeo vya kizungu: mfalme, jenerali, daktari. Mzungu alikuwa anaogopa kidogo, hakujua kama wanamheshimu ao wanamcheka.

Kundi moja la Katanga lililofanya safari kubwa lilikuwa la watoto. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kamina mwaka 1953. Alikusanya wanafunzi wavulana karibu 45 na waalimu karibu 15, wakaimba na kucheza. Waliitwa *Troubadours du Roi Baudouin*, jina la mfalme wa Ubelgiji. Pamoja walitengeneza *Missa Luba*, misa ya Kilatini ndani ya sauti za kwetu, sehemu kubwa ikitoka mdomoni bila kuandikwa. Mwaka 1958 walizunguka Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Sahani ya muziki wao ilienea dunia nzima, na wimbo wa Sanctus ulisikika katika filme ya Kiingereza *If....* ya mwaka 1968. Leo ukiuliza, jina la padri linapatikana kwa urahisi. Majina ya wale watoto 45, uliza.

Kulikuwa pia *Changwe Yetu*, mchezo mkubwa uliokusanya wacheza ngoma wa pembe mbalimbali za Kongo. Ulionyeshwa Elisabethville mwaka 1956, Union Minière ikifikisha miaka 50, kisha ukapelekwa Brussels kwenye maonyesho makubwa ya dunia, Expo 58. Pale wachezaji walipigiwa makofi jukwaani. Lakini katika viwanja vya maonyesho hayo hayo, Wabelgiji walijenga "kijiji cha Kongo" nyuma ya uzio, na wageni wakaangalia mafundi wetu sawa vile wanyama; wengine waliwatupia ndizi na vyakula. Mafundi wakakasirika, wakarudi Kongo mbele ya maonyesho kumalizika. Miaka miwili baadaye inchi ilikuwa huru.

Animation: wakati kila mtu alikuwa balle

Chini ya Mobutu, tangu miaka ya 1970, kucheza kulikuwa kazi ya chama. Kulikuwa trupe za animation katika mitaa, katika shule, katika mashirika. Hapa Katanga, Gécamines nayo ilikuwa na zake. Wafanyakazi na wanawake wa kampe walivaa kitambaa chenye sura ya Mobutu wakacheza juani saa mingi wakingoja mkubwa apite. Wengi wanakumbuka wakati ule kwa furaha, juu ya muziki, juu ya kukutana. Wengi pia wanakumbuka kwamba kukataa haikuwezekana, na kwamba ngoma za kijiji, za mazishi na za mfalme, zilibadilishwa maneno ili zisifu mtu mmoja.

Upande mwingine, Lubumbashi ilikuwa na Mwondo Théâtre, kundi lililochukua ngoma na hadisi za Katanga na kuzifanya mchezo wa kweli, kazi ya ufundi yenye mazoezi, si kupokea wakubwa tu. Jina lake ni la ngoma ya mti, mwondo, ile inayotuma habari mbali. Kundi hili lilionyesha kwamba njia ya Diaghilev, kukutanisha muziki, hadisi, vazi na mguu, ilikuwa tayari kwetu.

Hadisi hii inatufundisha nini leo

Siku hizi trupe ya Likasi inaitwa kwa simu siku moja mbele. Inacheza saa tatu. Inapewa kinywaji na bahasha ambayo kiongozi anagawanya kama anavyotaka. Mtu anashika filme kwa telefone, anaiweka kwenye intaneti, na jina la trupe halionekani. Tukiangalia nyuma, tunaona mambo matatu ambayo makundi makubwa nayo yaliteseka kwa kukosa.

La kwanza ni kontra. Wachezaji wale waliokuwa Cuba waligoma mwaka 1941 juu ya mishahara. Karatasi moja yenye bei, saa na nani analipa usafiri si matusi kwa mkubwa aliyekuita.

La pili ni kuandika kundi ni la nani. Diaghilev alikufa, kundi likafa naye, na warithi wakagombana miaka mingi juu ya jina. Trupe mingi hapa zinakufa siku ile ile kiongozi anapokufa ao anapohamia Kolwezi kutafuta kazi ya migodi.

La tatu ni majina ya wachezaji. Mwanaume wa Kisangani, Faustin Linyekula, muundaji wa michezo na mwanzilishi wa Studios Kabako, alishughulika na jambo hili mbele ya Wazungu wenyewe. Pamoja na wachezaji wa balle ya Lorraine, Ufaransa, alichukua tena *La Création du monde*, mchezo wa Paris wa mwaka 1923 uliofanywa na kundi la Waswedi lililofuata mfano wa Diaghilev. Mchezo ule ulikuwa juu ya Afrika, lakini kwenye jukwaa hapakuwa Mwafrika. Linyekula aliurudisha na kuuliza mbele ya watu: sisi tulikuwa wapi?

Ulizo hilo ni letu pia. Wako wazee na mama hapa Shituru, Panda, Kikula na kwingine waliocheza wakati wa Union Minière na wakati wa animation. Kama mzazi wako alikuwa mmoja wao, muulize leo jina la trupe, jina la mpiga ngoma, nani alishona mavazi, na walilipwa nini. Andika. Nyuma ya kila foto ya zamani kuna nafasi ya majina, na kalamu ni franga kidogo tu.

Tarehe za kukumbuka

1909: Diaghilev anaonyesha balle ya Kirusi Paris kwa mara ya kwanza.
1911: kundi linakuwa la kudumu.
1929: Diaghilev anakufa Venice, kundi linavunjika.
1937: Moiseyev anaanzisha kundi la ngoma za makabila Moscow.
Mwanzo wa miaka ya 1950: Fodéba Keïta anaunda Les Ballets Africains.
1956: Changwe Yetu inaonyeshwa Elisabethville.
1958: Troubadours wa Kamina wanazunguka Ulaya, Expo 58, Brussels.
1966: Jadotville inarudia jina la Likasi.